Mzaliwa wa Nairobi aliyevuma Essex: maswali yenu kuhusu Derek Pringle

Ni kweli timu ya kriketi ya Uingereza iliwahi kuchezewa na mzaliwa wa Nairobi?

Kweli kabisa. Derek Pringle alizaliwa humo Septemba 1958. Babake, Don, aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, 1975, timu iliyounganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilichapwa mechi zote tatu. Oktoba mwaka huohuo Don akafa katika ajali ya gari nchini Kenya. Derek alikuwa na miaka 17.

Pringle alichezea kaunti ya Essex. Hizo kaunti za kriketi nazo zina magavana?

Hazina, na bahati yao! Ni klabu tu zenye majina ya majimbo ya kale ya Uingereza. Essex haikujua ubingwa wa kaunti hadi 1979. Baada ya hapo ikautwaa tena 1983, 1984, 1986, 1991 na 1992, na Pringle alikuwa nguzo ya miaka hiyo: anarusha, anapiga, kote yumo.

Ukiambiwa utazame mechi yake moja tu, utachagua ipi?

Fainali ya NatWest, kombe la mtoano la kaunti, uwanjani Lord's, London, 1985: Essex dhidi ya Nottinghamshire. Nottinghamshire wanahitaji mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 18 katika ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, mrushaji ni Pringle, mpigaji ni Derek Randall, mtu asiyetulia hata sekunde. Mipira mitano, Randall kashapata 16. Umebaki mpira mmoja, mikimbio miwili iwape kombe. Randall anajisogeza pembeni apate nafasi ya kuzungusha gongo. Pringle anamwona, anamfuata na mpira hukohuko miguuni. Randall anauinua, Paul Prichard wa Essex anaudaka kabla haujagusa chini, na Randall yuko nje. Essex wameshinda kwa mkimbio mmoja.

Mbona basi timu ya taifa hakuwika?

Aliitwa 1982 akiwa bado mwanafunzi Cambridge, na kila mtu akataka awe wa pili wa Ian Botham, nyota wa Uingereza wa kurusha na kupiga. Mzigo huo ungemlemea yeyote. Mwaka huohuo akakosa mechi kwa sababu mgongo ulimkaza akiandika barua, na magazeti yakapata kichekesho cha miaka. Aliishia mechi 30 za Test, zile ndefu za siku tano kati ya mataifa, na wiketi 70, yaani wapigaji 70 aliowatoa. Mimi naona alionewa. Uwanjani Headingley 1991, West Indies wakiwa moto, alisimama na nahodha wake Graham Gooch wakaongeza mikimbio 98 pamoja. Yeye alipata 27 tu, lakini bila hizo Gooch angebaki peke yake. Na fainali ya Kombe la Dunia ya 1992 mjini Melbourne, ambayo Pakistan walishinda, alitwaa wiketi tatu akiruhusu mikimbio 22 tu katika ova 10.

Alipostaafu alikwenda wapi?

Aliacha kucheza 1993, akawa mwandishi wa kriketi, kwanza The Independent, kisha Daily Telegraph. Sasa zamu ya kuwachambua wengine ikawa yake.