Kliki 43

Wiki hii msomaji mmoja, mwenye leseni na bunduki yake ya michezo, kaniandikia: "Kaka, darubini yangu imeandikwa 1/4 MOA. Hiyo robo ni robo ya nini?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo ningepaswa kuliuliza mimi miaka miwili iliyopita, lakini niliona haya.

Siku hiyo tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Nairobi, zamu ya mita 300. Darubini nilikuwa nimeshailinganisha kwa mita 100 na nilikuwa nimekariri kwamba kliki moja, yaani mlio mmoja wa kifundo cha kurekebishia, huisogeza risasi milimita 7. Basi. Risasi zangu tatu za kwanza zikatua sentimita 30 chini ya kitovu cha kibao. Nikatoa simu nikapiga hesabu: 30 kugawanya kwa 0.7, kliki 43. Nikazungusha kifundo cha juu huku nahesabu kwa sauti, najiona profesa. Nikafyatua. Vumbi likatimka kwenye tuta la udongo, kibao kizima kama kilivyotoka kwa seremala. Nikafyatua tena. Vumbi.

Mzee mmoja aliyeketi nyuma na chupa yake ya chai akasema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Kijana, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Waache hao mwewe." Akacheka kila mtu, hadi msimamizi. Mpaka leo nikisikia neno mwewe masikio yanawaka moto.

Niliyaelewa makosa yangu stejini, si uwanjani. Ilikuwa mvua ya Aprili, matatu hazionekani, nami nimesimama chini ya mwavuli. Nikainua macho. Njiti mbili za mwavuli zinaanza pamoja pale kwenye mpini, zimegusana kabisa. Ukizifuata hadi ukingoni, kiganja changu kizima hakitoshi kuziba nafasi iliyo kati yake. Na hakuna aliyezipanua njiani. Pembe ni ileile, upana ndio unaoongezeka kadiri unavyoondoka kwenye mpini.

Kliki ni pembe, jamani! Ile ya milimita 7 kwa mita 100 inakuwa milimita 21 kwa mita 300. Kliki zangu 43 zilipandisha risasi sentimita 90 wakati nilitaka 30, ikapita sentimita 60 juu ya kitovu, na kibao chenyewe kina urefu wa mita moja tu. Nilihitaji kliki 14.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hiyo ni robo ya dakika ya pembe; MOA ni kifupi cha "minute of angle". Si dakika ya saa. Duara lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Ramani pia huzitumia: Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Dakika moja kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9; ukiipimia kutoka kiini cha dunia hadi huku juu tunakokanyaga, dakika hiyohiyo ni karibu kilomita 1.85. Ukiniambia "dakika moja" bila kunitajia umbali, hujaniambia kitu.

Zipo pia darubini za mil, yaani sehemu ya elfu ya radiani, kipimo kingine cha pembe. Kliki yake ya 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100, sentimita 3 kwa mita 300, na sisi tuliolelewa na mita hatuna haja ya simu. Jihadhari na ile chotara, yenye alama za mil kwenye msalaba unaouona ndani ya lenzi, na vifundo vya dakika. Ukiona kwa jicho umekosa mil moja, kifundo kinataka dakika 3.44, yaani kliki 14 hivi.

Soma kifundo kabla hujakizungusha. Tunanunua darubini ya bei ya pikipiki, tunaipiga picha, tunaiposti, na maandishi yaliyochongwa juu yake hatuyajui. Uliza, hata ukichekwa. Soma kifundo.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye mita 300. Sentimita 30 chini, kama kawaida yake. Kliki 14, si zaidi, na risasi tatu zikakaa mahali ambapo ungezifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai. Yule mzee akachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, akakaa hapo kitambo.

"Umenunua darubini mpya?"

"Ni ileile, mzee."