Mchuuzi wa kijijini haendeshwi na mkopo wa benki

Je, wachuuzi wa vijijini huendesha biashara kwa mkopo wa benki? Hapana, wengi wao hawaiendeshi hivyo, bali kwa kuzungusha mtaji mdogo walionao, kwa fedha za mchezo, yaani kuchangishana na kupokea kwa zamu, au za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa kufuata minada, ambayo huhama kijiji hadi kijiji kwa siku zinazojulikana. Nauza vitenge kwa jumla hapa Kariakoo, na wateja wangu wengi ni watu hao, wanaotuma fedha kwa simu na kupokea mzigo kwa basi. Kinachowabeba zaidi ni kuuza kwa vipimo vidogo, mafuta ya kula ya kupima na sukari ya vifuko vya robo, kwa sababu kabla ya mavuno mnunuzi hana fedha nyingi mkononi. Hukopesha pia, na jina la mdaiwa hukaa daftarini hadi mazao yauzwe. Hapo ndipo wengi wao huangukia, kwani mvua zikikosekana mtaji wote hubaki kwenye daftari. Kwa wale wa Mtwara na Lindi, fedha huonekana zaidi kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuuzwa.