Mawazo yananifuata hadi kwenye miti

SWALI: Shikamoo mama. Ni mwezi wa tano tangu niambiwe nina sonona. Nameza dawa, na kila baada ya wiki mbili namwona mshauri nasaha. Mara ya mwisho aliniambia niwe natembea kila siku penye miti. Nimejaribu siku tisa. Navaa hedifoni, natembea haraka nusu saa, narudi na mawazo yale yale. Rafiki yangu anasema niache vidonge nishike miti tu, kwa kuwa ndiyo tiba ya asili. Nimsikilize nani?
Mchovu wa Mawazo

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na la rafiki yako, maana haliwezi kungoja. Usiache dawa. Nyingi za dawa za sonona zikikatishwa ghafla huleta kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na wasiwasi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Ukitaka kupunguza, kaa na aliyekuandikia, mpunguze taratibu. Miti haigombani na vidonge.

Sasa matembezi yako. Nimeuguza wagonjwa wa akili miaka mingi, lakini somo hili nililipata nilipofiwa na mume wangu. Nilitembea kama wewe, mbio, kichwa chini. Huzuni niliitoa chumbani nikawa naitembeza tu. Siku moja manyunyu yakanikuta njiani, nikajibanza chini ya mti. Nikaanza kutazama jani moja. Tone linakua kwenye ncha yake, jani linainama, linamwaga, linainuka tena. Nilipozinduka manyunyu yalishakatika, na muda wote ule sikuwa nimekumbuka msiba. Nililia, ila kilikuwa kilio chepesi.

Kwa hiyo hedifoni ziache nyumbani. Punguza mwendo hadi uone kama unachelewa. Chagua kitu kimoja: gome la mti, mchwa, sauti ya ndege. Wazo likija, nalo litakuja, usipigane nalo. Rudi kwenye gome lako. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwatembeza watu wasio wagonjwa kwa dakika 90, baadhi kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wale wa kwenye miti ndio waliopungukiwa na kule kurudiarudia mawazo mabaya juu ya nafsi zao. Ndiyo shida yako hasa.

Wala si lazima iwe kila siku. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000, ulikuta kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio walioelekea zaidi kusema wana afya na wanaridhika na maisha, wawe walizimaliza kwa mkupuo au kidogo kidogo.

Na siku kitanda kikikushinda? Fungua dirisha. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo, walipolazwa penye dirisha linalotazama miti, waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Ila ukianza kuwaza kufa, usiende kwenye miti peke yako. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo, akupeleke hospitali.

Jaribu wiki mbili, kisha uniandikie umeona nini kwenye gome hilo. Nitasoma.