Kabla hamjaandika neno, tafuteni sheria inayotawala mkataba

Mdogo wangu, simamisha. Hiyo rasimu mliyoianza hapo Iyunga ifungeni leo hii. Umesema mnajiandaa kwa mashindano ya Vis ya kule Vienna, yale ya wanafunzi wa sheria kubishana kesi ya kubuni ya biashara ya kimataifa mbele ya wasuluhishi, hoja za mdai zinatakiwa Desemba, na mhadhiri wenu amewaambia mzijenge juu ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, "kwa kuwa mauzo ni mauzo tu". Maneno hayohayo ndiyo yaliyotumaliza sisi tuliposhiriki mashindano hayo.

Kwetu aliyeyasema ni wakili mmoja mkubwa wa hapa mjini. Alikuwa akitupokea ofisini kwake kila Jumamosi, chai juu yake. Tulimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza baba. Alisema sheria yetu imetoka kwa Waingereza, ile yao ya mwaka 1893, na hakuna msuluhishi duniani asiyeielewa. Basi tukajifungia Soweto ya hapa Mbeya, chumba kimoja watu watano, mvua ya Novemba inapiga bati mpaka mnasomeana kwa kupayuka, umeme ukikatika tunamulika kwa simu. Tukaandika hoja nzuri kweli: bidhaa hazikuwa na ubora wa kuuzika, huo ubora ni sharti kuu, na sharti kuu likivunjwa mnunuzi anaukataa mzigo. Kesi za Mahakama ya Rufani zipo, za Kiingereza zipo. Tukatuma.

Januari yakaja majibu ya timu iliyopangiwa kutujibu kama mdaiwa. Hoja yetu kuu waliimaliza kwa aya mbili. Ya kwanza: kifungu cha sheria kwenye mkataba wa mauziano kinataja CISG, ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa uliopitishwa Vienna mwaka 1980. Ya pili: CISG haina hayo mambo ya sharti kuu na sharti dogo. Mnunuzi anayetaka kuutangua mkataba kwa sababu ya ubovu wa bidhaa athibitishe uvunjaji wa kiwango cha Ibara ya 25, yaani amenyimwa kile hasa alichokitarajia, na mdai hajathibitisha. Kwisha. Hapakuwa na pa kushika, na hoja zikishatumwa huzirudishi. Dada mmoja wa timu alitoka akakaa kwenye ngazi akalia. Sikuwa na la kumwambia, sehemu ile niliiandika mimi.

Nilipomfuata yule wakili alinijibu, "Si mngesoma wenyewe?" Bado linaniuma. Kutoijua CISG si kosa lake. Tanzania haijajiunga nayo, na mtu anaweza kufanya kazi Mahakama Kuu Mbeya miaka 30 asikutane nayo. Kosa ni kutujibu kwa sauti ya mtu anayejua, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kwa hiyo usiku wa kwanza, kabla ya kugawana kazi, fungueni jalada mtafute vitu viwili: sheria inayotawala mkataba, na makao ya usuluhishi, yaani nchi ambayo sheria yake inasimamia usuluhishi wenyewe. Ni vitu tofauti, msivichanganye. Kwenye Vis makao mara nyingi huwa Vindobona, katika nchi ya kubuni iitwayo Danubia, na sheria yake ya usuluhishi ni ile ya mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, neno kwa neno. Swali likiwa mamlaka ya baraza la usuluhishi, mnakwenda huko, si kwenye Sheria yetu ya Usuluhishi ya 2020. Swali likiwa ubora wa bidhaa, ni CISG: Ibara ya 35, taarifa ya kasoro Ibara ya 39, kuutangua mkataba 25 na 49. Kisha someni Ibara ya 7. Inataka tafsiri izingatie kwamba sheria hii ni ya kimataifa, ndiyo maana hukumu ya Ujerumani au Uswisi itawafaa kuliko ya Uingereza, ambayo nayo haijajiunga. UNCITRAL wana hazina ya hukumu hizo mtandaoni, CLOUT, na ni bure.

Na asije mtu hapa kusema mambo haya ni ya Wazungu. Mkulima wa parachichi Rungwe akimuuzia Mholanzi, wakaandika tu kwamba sheria ni ya Uholanzi, CISG imeshaingia bila hata kutajwa, kwa kuwa Uholanzi ni mwanachama. Mnunuzi akilalamikia kuoza kwa mzigo baada ya miezi miwili, mkulima wetu ana Ibara ya 39 ya kumjibu, maana kwa matunda muda wa kutoa taarifa huhesabiwa kwa siku. Wakili atakayemshika kwa Sura ya 214 peke yake atamwacha bila ngao hiyo.

Yale mengine uliyouliza, idadi ya watu kwenye timu na habari za fedha, tutaongea baadaye. Kesho asubuhi niandikie hapa kifungu cha sheria kwenye mkataba wenu kinasemaje, neno kwa neno. Na huyo mhadhiri mwonyesheni kifungu hicho kabla hajawagawia kazi nyingine.