Barua kwa mwanangu: uliniuliza ni dayeti au ni sindano

Asalaam aleikum mwanangu,

Meseji yako niliiona juzi usiku nikaisoma mara mbili nikaweka simu chini. Umeuliza, "Baba, ile picha yako ya mashindano ya kunyanyua vyuma Leicester 2005 umekauka mpaka mishipa ya tumbo inaonekana, ile ni dayeti ya kocha au ulikuwa unachoma? Maana na mimi kocha kanipa mpango wa kushuka uzito na jamaa wa jimu wanasema bila kuchoma nguvu zote zitaondoka." Nakujibu kwa maandishi manake kwenye simu mama yako angekuwa pembeni ananirekebisha kila neno.

Nilichoma sindano za testosteroni, ile homoni ya kiume, nisikuzungushe. Na dayeti nilifanya tena ya kweli kabisa, ndo maana barua imekuwa ndefu.

Mwaka ule nilikuwa na kilo 112 na nataka kucheza daraja la kilo 100, siku hizo madaraja yalikuwa 90, 100, 110, haya yenu ya 93 na 105 IPF, shirikisho la dunia la mchezo wetu, wameyaleta 2011. Chama nilichochezea mimi hakipimi mkojo wa mtu, kila mmoja anajua na hakuna anayeuliza. Kocha alikuwa mtu mzima mmoja mpole, mkali kwa mizani tu. Akanipa wiki 16. Mchele naupima mbichi, kuku bila ngozi, mayai, tuna ya kopo, mboga ujaze sahani, protini kama gramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Jumamosi asubuhi kabla sijanywa hata maji napanda mizani, napima kiuno kwa utepe, napiga picha natuma. Uzito ukisimama wiki mbili anapunguza gramu 50 za mchele au anaongeza kutembea, kimoja tu, havigusi vyote kwa pamoja. Hana papara yule mzee na hilo nampa haki yake mpaka leo. Wiki ya kwanza nilishuka kilo 3 nikashangilia, akanambia tulia hayo maji, wanga ukipungua mwilini unaondoka na maji yake, mafuta yenyewe yataenda nusu kilo na kitu kwa wiki, kilo moja ya mafuta ni kalori kama 7,700 sasa gawanya mwenyewe.

Oktoba ikaingia Ramadhani. Kocha akaniuliza hata maji? Nikamwambia hata maji. Akakuna kichwa, akapanga chakula chote upya kiwe baada ya magharibi na daku. Mama yako anakaanga kaimati mimi nakula kuku mkavu na wewe una miaka sita unanicheka na shira mdomoni.

Sasa sindano. Mtu akila pungufu mwili hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, homoni ya kiume inashuka, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu na chuma cha jana leo hakitoki sakafuni. Mimi hayo sikuyaona manake testosteroni naingiza kutoka nje, mwili una njaa lakini unaambiwa mambo shwari. Skwoti, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, nilianza na kilo 260 nikamaliza na 260. Benchi tu, kusukuma chuma ukiwa umelala, ndo ilitoka 170 ikaja 162.5, benchi haina huruma na mtu aliyekonda. Jimu nzima wakasema huyu kocha mchawi, na mimi nikaitikia.

Baadaye sana ndo nikasoma utafiti wa kina Bhasin kule Marekani, wa 1996. Walichukua wanaume 43 kwa wiki 10, wengine wakachomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, wengine sindano isiyo na dawa. Waliochomwa na hawakugusa chuma kabisa waliongeza zaidi ya kilo 3 za mwili usio mafuta, waliofanya mazoezi bila dawa hawakufika kilo 2 na nusu. Mtu kakaa kwenye kiti kampita aliyetoka jasho! Nikajiuliza sasa mimi kile nilichokuwa namsifia kocha kilikuwa cha kwake kiasi gani. Na yeye mwenyewe hakujua, manake hajawahi kumshusha mtu msafi hata mmoja.

Halafu karatasi yake iliishia siku ya mashindano. Ya kesho yake haikuandikwa.

Januari nikaenda kwa daktari na kichwa kinauma, presha 150 kwa 95, chembe nyekundu 54 kwa mia yaani damu imekuwa nzito, kolesteroli ile nzuri iko chini kabisa. Nikaogopa nikaacha ghafla. Sasa mwili uliozoea kuletewa homoni unafunga kiwanda chake, korodani zinasinyaa, na ukiacha kiwanda hakifunguki siku hiyo. Nilikuwa mtu wa kulala tu, sina hamu ya mke wala ya chuma, nalia chooni kazini. Wewe ulidhani nimekukasirikia, uliwahi kumuuliza mama yako umefanya nini. Mafuta yakarudi na misuli ikaenda zake.

Lakini lililonitesa ni jingine. Mama yako alikuwa anataka mtoto wa pili. Miezi inapita, mashangazi zako wanapiga simu kutoka Tanga, vipi mbona huongezi, anadhani tatizo lake, anakunywa madawa ya miti anayotumiwa, na mimi niko kimya na najua ni zile sindano. Karibu mwaka. Siku nilipomwambia hakupiga kelele, alinyamaza siku nne. Tukaenda kupima, yeye mzima, mimi mbegu sifuri, sio chache. Zilirudi polepole alhamdulillah, dada yako kazaliwa 2009, ndo maana mmepishana miaka kumi.

Una miaka 26, siwezi kukukataza. Huko Uingereza kuwa na dawa hizi za kutumia mwenyewe si kosa, kuuza ndo kosa, kwa hiyo na polisi siwezi kukutishia. Na atakayekwambia hazifanyi kazi ni muongo. Ila wewe chama chako kinapima, ukikutwa ni miaka 4 nje. Na kushuka bila sindano watu wanashuka, unaenda taratibu, chuma kinapungua kidogo na ukirudi kula kinarudi. Muulize kocha wako mambo mawili tu, nani umewahi kumshusha bila dawa, na wiki ya baada ya mashindano umenipangia nini. Akianza kujikunyatakunyata tafuta mwingine.

Na kama umeshaanza, maana nakujua, wewe huuliza ukiwa umeshafanya, basi usiache kimya kimya kama mimi. Nenda kwa daktari umwambie yote ulichoma nini na tangu lini, akupime damu, presha na homoni, halafu nitumie majibu nione. Jumapili nitakupigia saa nne za huku, mama yako atakuwa harusini, tutaongea vizuri.

Baba yako