Uliza Ujibiwe: Hivi sayansi ndo hutangulia, au kiwanda?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi kuhusu ugunduzi na ubunifu, sijui mmeambizana. Nimechukua manne, na la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma uhandisi mwaka wa pili. Darasani tunachorewa mstari mmoja tu: sayansi inagundua, teknolojia inatengeneza, kiwanda kinazalisha, basi. Kaka yangu ni fundi mitambo, anasema huo mstari upo ubaoni tu, kazini haupo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kaka yako kakaribia zaidi, ila usimpe ushindi wote.

Chukua injini ya mvuke. Thomas Newcomen alishaweka yake mwaka 1712 huko Uingereza ikawa inatoa maji migodini, inakula makaa vibaya mno lakini inafanya kazi. James Watt akaja akaona tatizo liko wapi, silinda ileile inapashwa moto halafu inapozwa, inapashwa tena, inapozwa tena, joto lote linaishia hapo. Mwaka 1765 akapata wazo la kuweka chombo cha pembeni cha kupozea mvuke ili silinda ibaki moto muda wote. Wazo safi kabisa, na likakaa miaka kumi hivi bila kumfikisha sokoni. Hela zilichangia, lakini kilichomsumbua hasa ni silinda yenyewe, maana mafundi wa wakati ule hawakuweza kuchonga silinda kubwa ya chuma ikawa duara sawasawa toka juu hadi chini, kwahiyo mvuke ulikuwa unapenya pembeni ya pistoni na kutoroka. Aliyemtoa hapo hakuwa mwanasayansi, alikuwa John Wilkinson, mtu wa viwanda vya chuma, ambaye mwaka 1774 alisajili namna ya kutoboa mizinga ya vita. Ufundi uleule ukahamishiwa kwenye silinda na mwaka 1776 injini za Watt zikaanza kupiga kazi.

Sasa nadharia ya joto iko wapi hapo? Sadi Carnot, Mfaransa, aliandika mwaka 1824. Injini zilishajaa migodini na viwandani, ndo yeye anakaa chini kujiuliza hivi kwa joto kiasi hiki unaweza kupata kazi kiasi gani. Kwahiyo hapo mashine imeifundisha sayansi.

Lakini ukimwambia kaka yako hayo tu atatembea kifua mbele wiki nzima, kwahiyo mwambie na habari ya amonia, ile kemikali ya naitrojeni na haidrojeni inayotengenezewa mbolea. Hapo sayansi ilitangulia kweli. Hewa imejaa naitrojeni, mimea inaihitaji ila haiwezi kuichukua ikiwa hivyo, na Fritz Haber, Mjerumani, alipiga hesabu kujua ni presha gani na joto gani vitaifanya naitrojeni ishikane na haidrojeni. Mwaka 1909 akawaonyesha watu wa kampuni ya kemikali ya BASF kifaa chake cha mezani, amonia inadondoka tone kwa tone. Vitabu vingi vinaishia hapo, eti amegundua, tumemaliza.

Kumbe ndo kwanza kazi inaanza. Kwanza kichocheo cha Haber, yaani kitu cha kuharakisha gesi hizo kushikana, kilikuwa osmiamu, madini adimu kiasi kwamba dunia nzima isingetosha kulisha viwanda. Alwin Mittasch na wenzake pale BASF wakaanza kujaribu kitu kimoja baada ya kingine, maelfu ya majaribio, kwenye vimashine vidogo vilivyopangwa safu, na kilichowashangaza ni kwamba chuma kisafi kilikuwa hovyo ila mawe fulani ya chuma kutoka Sweden yalifanya vizuri sana. Siri ilikuwa kwenye uchafu uliochanganyika na chuma chenyewe. Wakaanza kuuweka uchafu huo kwa makusudi.

Pili, na hii ndo naipenda zaidi, mabomba yalikuwa yanapasuka. Carl Bosch, mhandisi wa BASF, alijenga mtambo wa stili nzito, unafanya kazi siku chache halafu unapasuka. Wakalikata bomba lililopasuka wakalichunguza, wakakuta haidrojeni yenye joto na presha inapenya ndani ya stili na kula kaboni yake, na stili bila kaboni inakuwa dhaifu. Utaizuia vipi gesi nyepesi kuliko zote isipenye chuma? Bosch hakuizuia. Akaweka bomba mbili, la ndani la chuma laini kisicho na kaboni ya kuliwa, hilo linazuia gesi nyingi ila halina nguvu ya kubeba presha, na la nje la stili ndo linabeba presha, halafu hilo la nje akalitoboa vitundu vidogo vidogo ili haidrojeni kidogo inayopenya itoke nje kabla haijaleta madhara. Bomba la presha kubwa unalitoboa matundu kwa makusudi! Kiwanda cha Oppau kikaanza mwaka 1913. (Mwaka uliofuata vita ikaanza na amonia hiyohiyo ya mbolea ikaenda kutengeneza baruti, hilo nalo ni sehemu ya historia.)

Haber alipata Nobel ya mwaka 1918, Bosch ya 1931. Na maelezo kamili ya kinachotokea pale juu ya uso wa kichocheo, hatua kwa hatua, yalikuja kufanyiwa kazi na Gerhard Ertl aliyepewa Nobel mwaka 2007. Yaani kiwanda kimezalisha miongo na miongo huku wanakemia bado wanabishana ndani mle kunatokea nini hasa. Huo mstari wa ubaoni usiufute, ongezea tu mishale ya kurudi nyuma, na nafasi kati ya neno la kwanza na la mwisho iwe kubwa sana.

SWALI: Mhariri, kila nikisoma naona ni bahati tu. Ukungu umejiingilia kwenye sahani ya Fleming, penisilini hiyo. Sasa kampuni ina haja gani ya kutenga bajeti ya utafiti kama mambo yanajitokea yenyewe?

JIBU: Ukungu uliingia 1928, dawa ikapatikana kwa wingi 1944. Bahati ilichukua siku moja, wewe niambie hiyo miaka mingine ilikuwa ya nini.

Alexander Fleming aliona ukungu unaua bakteria, akaandika 1929, lakini dawa yenyewe ilikuwa inaharibika haraka na hakuweza kuisafisha, ikabaki hivyo. Miaka kama kumi baadaye ndo Howard Florey na Ernst Chain wakaichukua pale Oxford. Mei 1940 wakachoma panya 8 bakteria wabaya, 4 wakapewa penisilini, asubuhi yake wale 4 wa dawa wako hai na wengine wote wamekufa. Safi, lakini panya ni mdogo. Mwaka 1941 wakamtibu polisi mmoja aliyekuwa hoi na maambukizi, akaanza kupona, dawa ikawa inaisha mpaka wakawa wanaikamua kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, ikaisha kabisa, akafariki. Walikuwa wanauotesha ule ukungu kwenye vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani, sio mzaha, mwenzao Norman Heatley ndo aliona umbo lake linafaa, baadaye akachora vyombo maalum vya kuuoteshea.

Ikabidi waende Marekani. Maabara ya serikali ya kilimo kule Peoria ikagundua kwamba maji yanayobaki baada ya kuloweka mahindi kiwandani yanafanya ukungu utoe penisilini nyingi zaidi, na ukungu bora wakaupata kwenye tikiti lililooza. Halafu kampuni ya dawa ya Pfizer, ambao walikuwa wazoefu wa kutengeneza asidi ya sitriki kwa kuchachusha, wakauhamishia kwenye matangi makubwa yanayopulizwa hewa. Hapo niambie ipi ni sayansi, ipi ni kiwanda, mimi sioni mpaka. Bajeti ya utafiti kazi yake ni hiyo, bahati ikija ikukute una watu wanaojua kuchachusha vitu.

SWALI: Kwa nini aliyegundua mara nyingi siye anayetajirika? Inaniuma sana.

JIBU: Pole ndugu. Angalia betri ya lithiamu iliyo kwenye simu yako. Stanley Whittingham aliifanyia kazi miaka ya 1970 akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, lakini alitumia lithiamu ya metali, ambayo ukiichaji inaota vijisindano ndani vinavuka upande wa pili, shoti, moto. Kampuni ikaja kuiacha. John Goodenough akaleta kobalti oksaidi kwa upande chanya wa betri mwaka 1980. Akira Yoshino wa Japani mwaka 1985 akaitoa ile metali ya upande hasi akaweka kaboni. Wote watatu wakagawana Nobel 2019, Goodenough akiwa na miaka 97.

Aliyeipeleka sokoni 1991 ni Sony. Kwa nini Sony? Walikuwa na kamera za video za mkononi zinazohitaji betri nyepesi, hiyo moja. Ya pili watu wengi wanaisahau, Sony walikuwa watengenezaji wa kanda, na kanda ni nini, ni utepe mrefu mwembamba uliopakwa unga laini kwa usawa kabisa mita baada ya mita. Ndani ya betri kazi ni hiyohiyo, unapaka unga kwenye karatasi nyembamba ya metali. Ujuzi walikuwa nao tayari. Kwa mtazamo wangu hela inaenda kwa mwenye mashine inayokaribia na shida inayomkaba leo, haki au sio haki hilo ni swali lingine.

SWALI: Nina wazo la kifaa, naogopa kuonyesha mtu litaibiwa. Nifanyeje?

JIBU: Wazo tupu halilindwi na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa Kiingereza patent), kinacholindwa ni namna ya kulifanya, na liwe jipya, lisiwe la wazi kwa mtu wa fani hiyo, na liweze kutumika. Nchi nyingi ukishalitangaza hadharani kabla ya kuomba umejiharibia mwenyewe upya wake, kwahiyo usilitupie mtandaoni. Ila fundi wa kukusaidia kulitengeneza lazima umwonyeshe, msainishane kwanza makubaliano ya kutunza siri halafu muanze. Hataza kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku uliyoomba, na kwenye maombi utalazimika kueleza kifaa kinavyofanya kazi kiasi cha mtu mwingine kuweza kukitengeneza, kwahiyo kama bado hujakijaribu hata mara moja, anzia hapo.