Mimba Haifichwi Kliniki

Maswali ya safari hii ni ya waja wazito, na mengi yamenifikia mimba ikiwa imeshaenda mbali.

Bi Mkunga, nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe asema nisubiri kwanza nisiende kliniki, watu wasije wakanitia jicho. Ni sawa? (Kisauni)

Si sawa, na nimeshachoka kulijibu swali hili. Wafiche majirani, wafiche mawifi ukitaka, lakini kliniki huendwa kabla ya wiki 12, nawe umeshazipita. Siku ile ya kwanza hutolewa damu ukapimwa kaswende na virusi vya ukimwi. Ukichelewa, maradhi yanamla mtoto na hakuna ajuaye. Nenda kesho asubuhi, na mama mkwe akusindikize.

Nimepimwa nikakutwa na kaswende, nimedungwa sindano. Bwanangu asema yeye hana kidonda wala hawashwi, kwa hivyo hadungwi. (Changamwe)

Umefanya vyema, mwanangu. Penisilini ile ya matakoni, inayouma mpaka ukatoka chumbani ukiburuta mguu, ndiyo inayomtibu mama ikamfikia na mtoto tumboni. Usikubali kubadilishiwa vidonge dukani. Kaswende isipotibiwa huharibu mimba, huua mtoto tumboni, au azaliwe mifupa na ini vimeshaguswa.

Ama hilo la kidonda, kidonda cha kaswende hakiumi, na hupona chenyewe. Ugonjwa hubaki kwenye damu, kimya. Wangapi wameletwa kwetu wakiwa wazima wa afya, kumbe wanao!

Sasa nasema nawe, bwana. Mkeo ametibiwa, wewe bado. Mkikutana unamrudishia, na wa kuumia ni mwanao. Nawaona waume wakiwaleta wake zao mpaka langoni, kisha wakabaki juu ya pikipiki na simu mkononi. Ingia ndani, upimwe, udungwe. Nawe dada, mpaka atibiwe, kondomu au kila mtu na kitanda chake. Siku ya kujifungua mwambie mkunga wa zamu kwamba ulitibiwa kaswende, mtoto achunguzwe.

Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaongeza damu? (Likoni)

Hayaongezi, na huenda yakawa na vijidudu vya kutoa mimba: yachemshe mpaka yafure.

Nina paka watatu. Shangazi asema niwatoe, ati paka huharibu mimba. (Mji wa Kale)

Usiwatoe. Kijidudu kinachoogopwa, toksoplasma, hakimo kwenye manyoya, kimo kwenye kinyesi, na huchukua siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine si wewe. Mimi naogopa zaidi vinavyoingia kinywani: mishkaki ambayo ndani bado myekundu, kachumbari ya mboga zisizooshwa, na udongo. Najua mnao, umefungwa kwenye karatasi ndani ya kibeti, mnautafuna hata kwenye foleni ya kliniki. Mnajua ulichimbwa wapi, na nani alijisaidia hapo? Hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu. Mwambie muuguzi akupime.

Mtoto wa jirani ana vipele, wasema ni rubela. Nina mimba changa. Nikachanjwe? (Bamburi)

Hapana, chanjo ya rubela haitolewi kwa mwenye mimba. Kaa mbali na mtoto huyo, na leo hii ukamwone daktari, maana rubela ya miezi mitatu ya mwanzo hugusa macho, masikio na moyo wa mtoto. Mabinti ambao hamjabeba, ulizeni chanjo sasa, kisha mngoje mwezi mmoja.

Vile vidonge vitatu vya kuzuia malaria vinanichafua roho. Nalala ndani ya neti, si yatosha? (Mtongwe)

Haitoshi. Pwani yetu ina malaria, na malaria hukaa kwenye kondo la nyuma mama asihisi homa, mtoto akazaliwa mdogo. Vimeze palepale mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne, kila mara angalau wiki nne zikishapita. Ila kama unameza septrini, mwambie kwanza, havichanganywi. Na neti ni ya usiku. Mbu wa homa ya chikungunya, aliyetutesa hapa Mombasa 2017 na 2018, huuma mchana, na mama akiugua karibu na kujifungua humwambukiza mtoto. Huyo huzaliana kwenye mapipa na mitungi tunayowekea maji mfereji ukikatika. Funika, na kila wiki usugue kingo za ndani, ndiko mayai yanakoganda.